Maswali yenu ya safari: Andalucía midanzi inapochanua

Tangu nilipogusia kusini mwa Hispania, maswali yamemiminika. Nayajibu machache, yale yanayorudiwa zaidi.

Shikamoo. Mimi na mume wangu tuna siku tisa mwezi wa nne. Tumepanga Lisbon, Madrid, Barcelona, Sevilla, Granada na Roma. Zitatosha? (Nairobi)

Marahaba, mwanangu. Hazitoshi. Mtarudi mkiwa mmeona stesheni na viwanja vya ndege. Futeni mingine yote, mbaki na miji mitatu ya Andalucía: Sevilla, Córdoba na Granada. Mkitua Madrid, treni ya mwendo kasi itawafikisha Sevilla kwa takriban saa mbili na nusu, na kutoka Sevilla hadi Córdoba ni kama dakika 45 tu.

Majira ya machipuko ndiyo wakati wenyewe. Julai na Agosti Sevilla huwaka, nyuzi 36 na kupanda, na mchana watu hujifungia ndani. Aprili joto la mchana huwa nyuzi 23 hivi. Kisha kuna midanzi. Mitaa ya Sevilla imepandwa midanzi kama kwingine wanavyopanda miti ya kivuli, na mwishoni mwa Machi hadi mwanzo wa Aprili huchanua yote kwa pamoja. Ua lake wanaliita azahar, neno lililotoka kwenye Kiarabu. Jioni, hewa ikitulia, harufu hiyo hukufuata kutoka kichochoro hadi kichochoro, na mtu akikuta maua mawili matatu kwenye nywele zake ndipo anakumbuka alikaa chini ya mti. Matunda msiyachume: ni madanzi kweli, makali na machungu.

Granada ipo juu milimani, usiku kuna baridi. Bebeni sweta. Theluji ya milima ya Sierra Nevada mtaiona bado imelala kileleni huku mmevaa mikono mifupi.

Tiketi za Alhambra, ile ngome ya wafalme Waislamu kule Granada, tukate tukifika mlangoni? (Dar es Salaam)

Hapana, kaka, na hili nalisema kwa uchungu. Tiketi hukatwa mapema mtandaoni kwa jina lako, na pasipoti uwe nayo. Juu yake imeandikwa saa ya kuingia majumba ya wafalme wa ukoo wa Nasr. Ukipitwa na saa hiyo, huingii. Mara yangu ya kwanza, wakala niliyemlipa alinikatia tiketi ya bustani na ngome peke yake. Nilikuja kugundua nikiwa langoni, na siku ile hapakuwa na nafasi nyingine. Nilisafiri tena miaka miwili baadaye ili niyaone yale majumba. Kwa hiyo hakikisha imeandikwa Palacios Nazaríes, ndiyo majumba yenyewe.

Ukishaingia, usikimbilie uwanja wa simba 12 kama wanavyofanya wote. Simama karibu na ukuta. Nakshi za lipu zimechongwa nyembamba kama lesi, na katikati yake sentensi moja inarudiwa tena na tena: *wa la ghaliba illa Allah*, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Kama ulipita madrasa, utaisoma mwenyewe bila mwongoza watalii. Na ukiwahi kuona vidaka vya nyumba za mawe za Lamu, utahisi umekutana na jamaa wa mbali.

Viza niombe lini? (Arusha)

Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Anza Januari, maana kabla ya Pasaka kunakuwa na msongamano. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Wale wanaoishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, nanyi pia mnaihitaji.

Assalamu alaykum. Naweza kuswali rakaa mbili ndani ya msikiti wa Córdoba? (Muscat)

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Huwezi, walinzi watakuzuia. Ni kanisa tangu 1236. Najua inauma, na nenda hivyo hivyo. Ulianza kujengwa mwaka 785, zama za Abd al-Rahman wa Kwanza. Mafundi walitumia nguzo zilizookolewa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi, waliotawala huko kabla ya Waislamu, nazo zilikuwa fupi. Basi wakapandisha tao juu ya tao, matofali mekundu na mawe meupe kwa zamu, mpaka paa likapata kimo. Leo zimesalia nguzo zaidi ya 850. Tembea hadi kwenye mihrabu yenye vipande vya dhahabu, ukae kimya.

Swala yako iswali Granada. Mtaa wa Albaicín kuna msikiti uliofunguliwa 2003, pembeni mwa uwanja wa San Nicolás, na bustani yake inatazamana na Alhambra.

Nimeona picha za Wiki Takatifu Sevilla: watu wamefunika nyuso, kofia zimechongoka. Mimi ni mweusi naishi Marekani, na picha zile zimenitisha. Niende? (Minneapolis)

Nenda, mdogo wangu. Hofu yako naielewa kabisa. Lakini wale ni waumini wanaofanya toba, na vazi lao lilikuwepo karne nyingi kabla ya wale wabaguzi wa Marekani, Ku Klux Klan, wanaovaa kofia kama hizo. Hawana uhusiano wowote. Anafunika uso ili asijulikane ni nani anayetubu. Simama karibu na watoto wa mtaa ule. Kila mmoja ana donge la nta mkononi, na mishumaa ya maandamano ikipita anaomba adondoshewe, donge likue mwaka hadi mwaka. Asubuhi yake lami yote ina nta, na viatu vinalia ukitembea. Ila hoteli wiki hiyo ni ghali sana.

Nampeleka mama, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nguruwe hali. Ataweza? (Mombasa)

Ataweza, mwanangu, mkienda polepole. Albaicín ni vilima na mawe ya mviringo, kwa hiyo mpandishe kwa basi dogo jekundu. Kuhusu chakula, sema *sin jamón*, yaani bila nyama ya nguruwe, hata kwa mboga, kwa sababu nyama ya nguruwe hunyunyiziwa mpaka kwenye supu baridi ya nyanya. Sevilla mtafutie mchicha wa dengu, *espinacas con garbanzos*. Una bizari ya pilau na ataufurahia. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku saa tatu, basi awe na biskuti mkobani.

Na mnara wa Giralda, hapo hapo Sevilla, asiuogope. Ulikuwa mnara wa adhana, na ndani hauna ngazi ila pale juu kabisa: ni miteremko 35 ya kupanda taratibu, inayosemekana ilijengwa hivyo ili mwadhini apande na mnyama. Kila kona kuna dirisha. Mama yangu alipumzika kwenye kila moja, na alifika.