Sabini ya Uingereza si sabini ya Marekani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kijana aliyedahiliwa na vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani kwa pamoja aende wapi. Wengi watajibu kwa kutaja ada, baridi na viza. Mimi naomba nijibu kuhusu jambo ambalo halimo katika swali, yaani namna mwanafunzi anavyosahihishwa, kwa sababu naamini huko ndiko tofauti ya nchi hizo mbili inakouma zaidi.

Msimamo wangu tangu zamani ni Uingereza. Sisi tuliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuko nusu Uingereza kabla hata ya kupanda ndege. Chuo chetu kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na ingawa mengi yamebadilika, A yetu inaanzia 70, mtihani wa mwisho umezoeleka kubeba 60 kati ya alama 100, na mtahini wa nje anakuja kupekua karatasi. Kijana aliyechagua tahasusi, yaani mchanganyiko wake wa masomo, akiwa kidato cha tano na kubaki nayo hashangai akikuta kwamba England mtu hudahiliwa kusoma sheria, akaanza sheria siku ya kwanza, na baada ya miaka mitatu akamaliza.

Shahada ya uzamili niliifanya kaskazini mwa England, na darasani tulikuwa na dada mmoja kutoka Ohio, Marekani. Tuliporudishiwa insha zetu za kwanza, juu ya yake paliandikwa 64 kwa wino wa kijani, na chini yake maneno machache ya sifa. Akatoka nje, akalia. Nilimfuata nikidhani amepata taarifa ya msiba. Aliniambia kwamba hajapata kupewa alama ya sitini tangu aanze shule, na kwamba kwao 64 ni D, alama ya mtu aliye mbioni kudisko, kama tunavyosema sisi, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Nikamweleza, kwa kujiamini kwa mtu aliyelelewa na mfumo huo, kwamba kwenye uzamili kufaulu ni 50, kwamba ukigusa 70 uko daraja la juu kabisa, na kwamba 80 hupewa wachache mno. Yangu mimi ilikuwa 61, na jioni ile nilikuwa nimepanga kupika pilau.

Hakufarijika. Kesho yake alikwenda kubisha hodi kwa mhadhiri. Nilimwonya kwamba insha zilisahihishwa bila majina, zikapitiwa na msahihishaji wa pili, na hakuna wa kumwongezea hata nusu alama. Yeye alitoka katika mfumo ambamo mwalimu aliyekufundisha mara nyingi ndiye anayetunga, ndiye anayesahihisha, na alama anakupa kidogo kidogo muhula mzima, kwa majaribio mafupi, mchango wako darasani, wakati mwingine hata mahudhurio, kiasi kwamba kujadiliana naye ni sehemu ya masomo yenyewe. Alikaa mle ndani muda mrefu. Alama haikubadilika. Alichotoka nacho ni insha ile ile, sasa imejaa mishale, majina ya vitabu pembezoni, na sentensi moja iliyopigiwa mstari na kuandikiwa: “Hoja yako iko hapa, mbona umeificha ukurasa wa tisa?” Nilimwomba anipe niisome. Mimi Mlimani sikubisha hodi kwa mhadhiri ila pale kosiweki yangu, yaani alama zangu za kazi za muhula, ilipopotea.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoanza kulegea, hata ninapoandika. Ule urahisi wa kuzoea Uingereza ambao nimeusifu hapo juu pengine ndio kasoro yake kwa mtu wa kwetu, maana tunakwenda mbali na kukuta tabia zile zile za kukaa kimya mpaka siku ya mtihani. Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, alipokwenda Kansas, Marekani, mwaka 1960 alisoma biolojia, akaongeza kemia na Kijerumani, na miaka michache baadaye alikuwa Ujerumani kwa utafiti wa uzamivu. Kwa shahada ya England, Kijerumani hicho asingekipata kirahisi. (Najua kuna atakayenikumbusha kwamba Nyerere alichanganya historia, uchumi na falsafa pale Edinburgh kati ya 1949 na 1952, lakini hiyo ni Scotland, yenye desturi yake, na hata leo shahada yao ya kwanza kwa kawaida ni miaka minne.)

Pamoja na hayo yote, mtoto wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha sita na kuomba nchi zote mbili, nimemshauri Uingereza. Familia italipa yenyewe, na miaka mitatu si minne. Nimemwekea sharti moja, awe anabisha hodi kwa wahadhiri wake tangu muhula wa kwanza, jambo ambalo nakiri siwezi kulisimamia kutoka Ubungo. Lakini vipo vyuo vya Marekani, kama Yale na Princeton, ambavyo humpa mwanafunzi wa kigeni msaada kulingana na hali ya familia yake, na chuo kimojawapo cha aina hiyo bado hakijamjibu. Barua ikifika na msaada ukatosha, akubali kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu kwa vyuo vingi vya huko, wala asinisubiri mimi.