Ukabila, utani na ajira: maswali yenu tumeyajibu

Nina hoteli ndogo Mombasa yenye wafanyakazi 14. Kumi na mmoja wametoka kijiji kimoja, na sikupanga iwe hivyo. Nifanyeje?

Hukupanga, ila njia yako ya kuajiri imekupangia. Nafasi ikitokea, mpishi anampigia binamu yake, na kesho yake binamu yuko mlangoni na begi. Anza hapo. Bandika tangazo mahali ambapo hata wasio jamaa wa wafanyakazi wako hupita, likae siku 14, na kila mwombaji ajaze fomu ileile. Karani afute jina, kaunti na shule ya msingi, aweke namba. Shule ndiyo husahaulika, ilhali mara nyingi hutaja kwao mtu upesi kuliko jina la babake.

Wasaili wawe watatu, wasitoke upande mmoja. Maswali yawe yaleyale, kila swali alama 1 hadi 5, na kila msaili aandike alama zake kabla mtu hajafungua mdomo. Hapa ndipo huharibika: mkubwa akisema "yule wa pili nimempenda," wenzake hurekebisha kalamu. Mtego mwingine ni sharti la "Kiswahili sanifu". Kwa mpokea wageni, sawa. Kwa mfua mashuka, huo ni ukabila uliovikwa kanzu.

Kile kikomo cha theluthi moja kwa kabila moja, kilichomo katika Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kinahusu taasisi za umma. Hoteli yako haimo. Lakini kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakubana hata wewe, tangu hatua ya kuajiri, na kinataja lugha pamoja na asili ya mtu. Wala usiwafukuze wale 11 ili usawazishe hesabu. Huo nao ni ubaguzi.

Bosi hunitania kwa kabila langu mbele ya wateja. Nikinuna, anasema ni utani tu. Utani una mipaka?

Unayo, na watani wenyewe wanaijua. Mngoni na Mhehe, au Mnyamwezi na Mzaramo, wanaweza kutupiana maneno hata msibani kwa sababu kila upande una haki ya kujibu. Basi jipime: unaweza kumrudishia bosi palepale, mbele ya wateja walewale, bila kuogopa kupoteza kibarua? Kama huwezi, hiyo ni dhihaka tu. Na yapo maneno ambayo hayana utani kabisa. "Madoadoa", kwa mfano, lilitumika Kenya kuwataja watu wa kufukuzwa wakati wa ghasia za 2007 na 2008.

Niko Dar. Nimenyimwa cheo, nikaambiwa "watu wa kwenu hawaaminiki." Nianzie wapi?

Andika leo hii: tarehe, saa, waliosikia, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Usiyasafishe. Jumbe zipige picha zikionyesha namba na tarehe, uzihifadhi nje ya kompyuta ya ofisi, maana siku ukiondolewa na nywila inaondoka. Kisha peleka malalamiko ya maandishi kwa afisa rasilimaliwatu, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Wengi huponzwa na "subiri mkurugenzi arudi safari." Mgogoro kama wako hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa Fomu Na. 1, ndani ya siku 60. Ukiwa umeachishwa kazi na unapinga, ni siku 30 tu. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na kueleza kwa nini, kabla hata kesi yenyewe haijasikilizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakusaidia: ukishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unamwangukia mwajiri. Ndiyo maana ule uandishi wa siku ya kwanza una thamani.

Tumeajiri mhasibu mwenye ualbino. Tumwandalie nini?

Muulizeni yeye kwanza. Mara nyingi shida kubwa ofisini ni macho: mwanga mkali na herufi ndogo. Meza isitazame dirisha, skrini ikuzwe, karatasi zichapwe kwa herufi za ukubwa wa 16 au 18, na za mkutano apewe mapema. Safari za benki zisipangwe saa sita mchana. Akitoka juani kwa muda mrefu, kofia pana na mafuta ya kinga ya SPF 30 au zaidi, yapakwe upya kila baada ya saa 2. Na "zeruzeru" lisisikike, hata kwa mapenzi.

Semina ya siku moja inatosha kuondoa ubaguzi?

Haitoshi. Kila miezi 3 hesabuni walioomba kazi, walioitwa, walioajiriwa, waliopanda cheo na walioacha. Taarifa za kabila ziwe za hiari, bila majina, mbali na faili la mtumishi. Kundi likiwa chini ya watu 5, msilichapishe peke yake: kila mtu atajua ni nani.