Ukitaka Kupiga Nyota, Anza na Lenzi

Wewe unayeanza kupiga taimulapsi za usiku, yaani video zinazoundwa kwa picha nyingi zilizopigwa moja baada ya nyingine, najua swali lako la kwanza: ninunue kamera gani? Naomba tuanzie kwenye lenzi. Kihisi, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachonasa mwanga, hupokea tu mwanga uliopita kwenye tundu la lenzi. Tundu likiwa dogo, kihisi cha bei ya mamilioni kitakuletea chenga tupu.

Ukubwa wa tundu hilo unaukokotoa mwenyewe dukani: gawa urefu wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, kwa namba ya f, ile inayofuata alama ya f. Lenzi ya milimita 18 inayokuja na kamera, ikifunguka mwisho f/3.5, ina tundu la milimita 5 na kidogo. Ya milimita 16 yenye f/1.4 inapita 11. Na kwa kuwa mwanga unafuata eneo la duara, hiyo ya pili inaingiza karibu mara tano zaidi.

Mimi sikulijua hilo. Nilijinyima miezi mingi nikapata kamera ya fulufremu, yaani yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, na pesa iliyobaki ikatosha lenzi ya f/4 tu. Nikaenda nayo Kilwa. Mwenzangu alikuwa na kamera ndogo ya APS-C, yaani yenye kihisi kidogo kuliko changu, na ile milimita 16 ya f/1.4. Kwenye kihisi chake lenzi hiyo huona anga kwa upana uleule ninaouona mimi kwa milimita 24, lakini tundu langu lilikuwa la milimita 6. Tulisimama bega kwa bega, na picha zake zilikuwa safi kuliko zangu usiku kucha. Iliniuma sana, maana ningeweza kuwa na kamera na lenzi kama zake kwa pesa kidogo kuliko nilizotumia.

Kihisi kikubwa kina faida yake, ila kipe lenzi inayokistahili: milimita 24 ya f/1.4 ina tundu la 17. Kama huwezi zote mbili, chukua APS-C na lenzi nzuri.

Megapikseli zisikusumbue. Video ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, takriban megapikseli 8, kwa hiyo kamera ya megapikseli 20 inatosha na kubaki. Canon EOS 6D ya 2012 au Nikon D750 ya 2014, zikiwa mtumba uliotunzwa, bado zinapiga nyota vizuri. Lakini uliza shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imebofya mara ngapi. Video ya sekunde 10 kwa fremu 25 kila sekunde inataka picha 250, na ukipiga kila baada ya sekunde 22 hiyo ni saa moja na nusu ya kubofya mfululizo. Kamera iliyochoka itakuachia njiani.

Lenzi ya mtumba ijaribu usiku kabla hujalipa. Weka nyota moja angavu katikati, kuza picha, zungusha fokasi mpaka iwe nukta. Usiiamini alama ya umbali usio na mwisho (∞) kwenye pete ya lenzi. Kisha ipeleke nyota hiyo kwenye kona zote nne. Lenzi nyingi zikifunguliwa mwisho huiotesha nyota ya konani mabawa, na ukifunga hadi f/2 hutulia. Kona moja ikiwa mbovu kuliko nyingine tatu, vioo vimepinda ndani. Irudishe.

Jambo jingine ni la kwetu hasa. Masomo mengi yanatoka Ulaya, ambako kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota angani, kinakaa chini karibu na upeo wa macho, kwa hiyo mti na nyota vinaingia pamoja kwa urahisi. Kilwa, mwezi wa Julai kati ya saa nne na saa tano usiku, kitovu hicho kiko nyuzi 70 juu. Milimita 24 ikilazwa inaona nyuzi 53 tu kwenda juu, basi mbuyu wako utabaki nje. Wengine hukimbilia milimita 14 ya f/2.8, na kwa hiyo hurudi kwenye tundu la milimita 5. Mimi siku hizi nabaki na lenzi angavu, yenye tundu kubwa, ila naenda mapema kabla ya Julai, kitovu kikiwa bado chini. Katikati ya Mei kitovu kinachomoza kama saa mbili usiku upande wa kusini mashariki, kikipanda nyuma ya matawi. Bagamoyo sikushauri: upande huohuo ndiko taa za Dar es Salaam ziliko.