Proksi haionyeshi kilicho ndani

SWALI: Shikamoo fundi, mie niko Ngamiani Tanga, nimeandika klasi ya proksi kwa Python (objekti inayosimama mbele ya nyingine na kuipelekea maombi), __getattr__ inapeleka kila kitu kwenye orodha halisi, metodi zote zinaitika ila nikiandika jina la hiyo objekti ya proksi tu kwenye sheli naletewa <__main__.Proksi object at 0x7f...>, siku 2 nahangaika jamani.

JIBU: Marahaba mwanangu. __getattr__ yako nzima kabisa, ila hapo haiitwi. Sheli inaita repr(), ile inayotoa maandishi ya kuonyesha kitu, nayo inatumia metodi __repr__, na hizi metodi maalumu zenye __ mbele na nyuma Python inazitafuta kwenye klasi, haiulizi objekti, sasa klasi yako imesharithi __repr__ ya object ndo inajibu hiyo hiyo. Andika __repr__ ndani ya klasi, irudishe repr(self._halisi), hiyo _halisi ndo ile orodha halisi uliyoihifadhi ndani, weka jina ulilotumia wewe. Na __len__ pia, maana len(), ile ya kuhesabu vilivyomo, itakugomea kwa sababu hiyo hiyo.