PSA ya mzee imeshuka, aache sindano?

Pole sana ndugu yangu, umeuliza kama baba mwenye kansa ya tezi dume anaweza kuacha sindano za homoni kwa vile PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia kansa hiyo) imeshuka na yeye amechoka na majoto na jasho la usiku. Mi nakuomba asiache kabla hajaongea na daktari wake, manake hiyo PSA imeshuka kwa sababu ya dawa yenyewe, haina maana kansa imeisha. Kansa ya tezi dume inakula testosteroni, yaani homoni ya kiume, sasa sindano kama goserelini zinazima utengenezaji wake, ukizikatiza sindano, homoni hiyo inaweza kurudi na ugonjwa ukapata chakula tena. Kuna wagonjwa wanaopumzishwa dawa kwa mpango, ila hapo daktari ndo anaamua na PSA inapimwa mara kwa mara.

Hayo majoto yana dawa zake, aseme tu, wazee wetu wananyamaza sana na hata nguvu za kiume zikipungua wanaona aibu kusema. Mifupa nayo inalegea taratibu kwa hizi sindano, kwa hiyo atembee kila siku, afanye mazoezi ya kubeba uzito kidogo kama mwili unaruhusu, na muulizie kuhusu kalsiamu, vitamini D na kipimo cha mifupa.

Ila akianza kuumwa mgongo vibaya, miguu ikafa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukagoma kutoka, usisubiri kliniki, mkimbize emajensi siku hiyohiyo, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.