Re: Nina A ya Kiingereza kwenye KCSE, SAT itanihitaji nini zaidi?

Dadangu wa Kisumu, hiyo A itakufaa, ila usiitegemee peke yake. KCSE ilikupa insha ujieleze. Kwenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, sehemu ya Kusoma na Kuandika ni kuchagua majibu tu: maswali 54 kwa dakika 64, katika awamu mbili. Kila kifungu ni kifupi na kina swali moja. Ukifanya vizuri awamu ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu zaidi, na huko ndiko alama za juu ziliko. Kwa hiyo usiikimbize ya kwanza.

Mimi ningeanza na uakifishaji, maana sheria zake ni chache na zinatahiniwa kila mara. Nukta mkato ikiunganisha kauli mbili, kila upande lazima uwe sentensi kamili. Nukta pacha hutanguliwa na sentensi kamili, kinachofuata kinaweza kuwa hata neno moja. Koma peke yake haiunganishi sentensi mbili. Wengi wetu huweka koma tunapopumua, na tabia hiyo inagharimu sana.

Pakua Bluebook, programu inayotumika kufanyia SAT, ni bure na ina majaribio kamili. Haifanyi kazi kwenye simu, tafuta kompyuta. Jibu baya halikatwi alama, hivyo usiache swali wazi.