Mlo wa jioni Megève kwa wasiotumia nguruwe wala pombe

Dada, umeuliza mjipangeje wewe na mumeo, msiokula nguruwe wala kunywa pombe, kwenye mgahawa wa hadhi Megève, milima ya Alps nchini Ufaransa. Semeni mnapoweka nafasi, msingoje mezani. Michuzi mingi mizito hupikwa kwa divai saa kadhaa kabla, na mpishi hawezi kuitoa divai hiyo tena. Akijua mapema atawaandalia mchuzi mwingine. Tajeni pia mafuta ya nguruwe na jelatini (kigandishi cha vitamutamu ambacho mara nyingi hutokana na nguruwe), maana watu husahau vitamutamu. Maji ya chupa hulipiwa. Ombeni “une carafe d'eau”, yaani jagi la maji ya bomba, ni bure. Uma na visu: anzeni na vya nje. Jibini huja kabla ya kitamutamu, kwa hiyo msishibe mkate. Huduma imo kwenye bei. Bakshishi ni hiari.